Shule ya kibinafsi imetualika likizo ya Agosti: naomba ushauri

Mwalimu wa Likoni
Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Ninafundisha sayansi katika sekondari msingi ya umma upande wa Likoni, Mombasa. Shule moja ya kibinafsi ya Nyali imetuandikia barua ikituomba tupeleke wanafunzi thelathini wa Gredi ya 7 na ya 8 wajumuike na wanafunzi wake kwa wiki mbili za likizo ya Agosti, watumie maabara, maktaba na bwawa la kuogelea. Nimefurahi sana, kwani tangu Gredi ya 7 ianze mwaka 2023 ndani ya shule za msingi, tumekuwa tukifundisha sayansi kwa chupa za maji na mishumaa, na hadubini wanafunzi wangu wanaijua kwa picha ya kitabuni tu.

Lakini nina hofu. Mwaka jana tulikubali mwaliko wa shule nyingine. Watoto wetu walivaa sare na wenyeji wakavaa nguo za nyumbani, kwa hiyo hata mpishi alijua nani ni nani. Katika kila meza ya maabara, mwenyeji alishika vyombo na mgeni akaandika majibu. Msichana wangu mmoja, hodari kuliko wote darasani, alikaa siku mbili mikono ikiwa mapajani, akiogopa asije akavunja kitu ambacho babake angetakiwa kukilipa. Kufikia siku ya nne, kati ya ishirini walirudi tisa. Safari hii niweke masharti gani, bila kuonekana sina shukrani?

Mwalimu mkuu mstaafu, Changamwe
Mwanangu, anza na sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza tuisheni ya likizo. Kwa hiyo pasiwe na malipo yoyote kwa mzazi, wala pasifundishwe mada za muhula ujao. Iandikie afisi ya elimu ya kaunti ndogo mapema, ueleze ratiba na mahali, na kila mzazi atie sahihi ya idhini. Jambo la vyombo kuvunjika liandikwe kwenye makubaliano ya shule hizo mbili, na watoto waambiwe waziwazi siku ya kwanza kwamba hakuna atakayelipishwa.

Mzazi, Mtongwe
Feri ni bure kwa sisi tunaovuka kwa miguu, lakini nauli ya matatu kutoka Kivukoni hadi Nyali, kwenda na kurudi kwa siku kumi, ni unga wa nyumba. Hao tisa waliorudi mwaka jana, mwalimu, huenda ndio waliokuwa na nauli. Mwombe mwenyeji basi la shule liwasubiri ng'ambo ya feri.

Mwalimu wa shule ya kibinafsi, Nyali
Ninasema kama mtu wa upande wa pili: tuambieni masharti, kwa sababu wengi wetu hatuoni makosa yetu wenyewe. Marekani wana uzoefu mrefu wa jambo hili. Mpango wa Horizons ulianza mwaka 1964 katika shule ya kibinafsi ya New Canaan huko Connecticut, ukiwapokea watoto wa familia zenye kipato kidogo, na mtoto yuleyule hurudi kila mwaka. Kuogelea ni sehemu ya mafunzo, kwa kuwa anayeshinda hofu ya maji hupata ujasiri hata darasani. Katika mpango mwingine, ulioanza San Francisco mwaka 1978, vijana wa sekondari na wa vyuo vikuu ndio wanaowafundisha wadogo zao. La kurudi kila mwaka ndilo ningelishikilia kwanza, maana wiki mbili za mara moja ni matembezi tu.

Na shule yako, mwalimu, ina kitu gani ambacho sisi hatuna?

Mwalimu wa Likoni
Swali hilo limenikosesha usingizi. Tuna mikoko. Wanafunzi wangu wa Mtongwe wanautofautisha mchu na mkandaa kwa kuuona tu, na wanajua kwamba jani la mchu ukililamba lina chumvi, kwa sababu mti huo huitoa chumvi kupitia majani. Hawajawahi kuziona punje za chumvi hiyo kwa hadubini. Kumbe wenyeji wana hadubini na hawana jani! Basi siku mbili tukutane kwetu, watoto wangu wawaongoze wenzao matopeni, kisha jioni ile ile majani yaende Nyali.

Tatizo ni kwamba ni lazima maji yawe yamepwa, na siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, hupwa vizuri mnamo saa nne asubuhi, saa ambayo wengi wako chuoni, madrasa.

Ustadhi, Kisauni
Mwalimu, chuo hakikatai elimu. Kinachotuudhi ni kuona watoto wametoweka bila taarifa. Nenda kwa maustadhi wa mtaani kwenu kabla shule hazijafungwa, uwape tarehe za bamvua, na uombe asubuhi mbili tu. Siku nyingine anzeni baada ya adhuhuri.

Mwalimu wa Likoni
Shukran, Ustadhi. Kesho baada ya alasiri nitakwenda madrasa mbili za karibu. Barua ya Nyali nimeanza kuijibu: nguo za nyumbani kwa wote, basi ng'ambo ya feri, kila meza watoto wawili wawili wakipokezana hadubini, na nafasi ya kwanza nimemwekea yule msichana, ikiwa babake ataridhia.