Semina ya mbinu shirikishi imeisha, darasani hakijabadilika kitu. Nyie mnafanyaje?

mwl_hesabu
Habari zenu walimu. Tumetoka kwenye semina ya mbinu za kisasa za kufundisha, mwezeshaji kaongea kutwa nzima kwa slaidi akitufundisha kwamba mwalimu asiongee kutwa nzima 😂 tukapewa vyeti, picha ya pamoja, kwaheri. Nimerudi darasani, watoto wamejaa hadi nafasi ya kupita hakuna, nikawaambia kaeni makundi, mbona ilikuwa sokoni! Wawili wanafanya swali, waliobaki wanachorana mikononi. Nimerudi zangu kwenye ubao. Hivi hizi mbinu kwenye darasa kubwa zinawezekana kweli au ndo za kwenye makaratasi?

chakinyeupe
Pole sana mwalimu. Makundi ya sita sita kwenye darasa lililobanana achana nayo kwanza, anza na wawili wawili, hakuna dawati linalohama. Kuna ile ya fikiri, jadili na jirani, kisha waambie wote, Mmarekani Frank Lyman ndo aliielezea mwaka 1981. Unatoa swali moja, kila mtu anaandika kimya kwenye daftari lake, halafu ndo wanageukiana. Hapo kwenye kuandika usiparuke, ukiparuka anaongea yule yule mjanja na jirani yake anatingisha kichwa tu. Ukiita wa kujibu, mwambie aseme alichosema jirani yake, sio cha kwake. Utashangaa wanavyoanza kusikilizana.

Bi_Sayansi
Mimi naongezea kitu hata rahisi zaidi, ukiuliza swali NYAMAZA. Mtafiti wa elimu Mmarekani, Mary Budd Rowe, alilichunguza hili miaka ya 1970 akakuta walimu wengi wanasubiri kama sekunde moja tu, wakifika sekunde 3 au zaidi majibu yanarefuka na watoto wanaojitokeza wenyewe wanaongezeka. Haitaki projekta wala bajeti. Ila ni ngumu jamani, ule ukimya unauma! Weka simu mezani ujirekodi sauti kipindi kimoja usikilize ukiwa nyumbani, utajisikia unauliza na kujijibu mwenyewe.

mwl_hesabu
Kujirekodi aisee naogopa hata kusikia sauti yangu 😅 ila nitajaribu

mzee_wa_zamu
Wote mmesema vizuri ila ugonjwa upo kwenye semina yenyewe. Watafiti wa mafunzo ya walimu, Joyce na Showers, walishaandika tangu miaka ya 1980 kwamba mwalimu akipewa nadharia na kuonyeshwa mfano tu, kinachofika darasani ni kidogo mno, mpaka afanye mazoezi na apate mwenzake wa kumfuatilia akiwa kazini. Wajapani wana utaratibu wao wa zaidi ya miaka 100, walimu wanaandaa somo moja kwa pamoja, mmoja anafundisha, wengine wanakaa humo humo darasani wakiangalia WANAFUNZI, halafu wanalijadili. Hapa kazini tunafanya watatu, kila anayeangalia anapewa dawati moja tu, anaandika nani kashika kalamu, nani kafuta jibu lake baada ya kuchungulia la mwenzake. Hayo ya kufuta ndo yametufundisha kuliko slaidi zote, maana unakuta mtoto alikuwa sahihi kabla hajafuta.

kipindi_cha_nane
Mzee hiyo nzuri ila muda unatoka wapi? Mtu ana vipindi mfululizo, daftari za kusahihisha zimefika kiunoni, na mkuu akisikia mnaangaliana anakuja na fomu ya ukaguzi.

mzee_wa_zamu
Somo moja kwa muhula linatosha kuanzia, sio kila wiki. Na fomu zisiingie kabisa, hilo tuliongea na mkuu mapema, mtu akijua anapewa maksi anafundisha maigizo. Kama muda haupo kabisa basi mpate mmoja tu, abadilishe kipindi na mwingine aje akae dawati la nyuma dakika 20.

mwl_hesabu
Nina jirani wa kiswahili muungwana sana, nitamwomba yeye. Naanza na wawili wawili kwenye hesabu za sehemu, pale wanapojumlisha hadi asili zote mbili, zile namba za chini 🙄

Bi_Sayansi
Hapo hapo pazuri! Wape nusu jumlisha theluthi kabla hujafundisha chochote, kila mtu aandike jibu lake, na wasifute.