Ardhi iliyosajiliwa Massachusetts: tupeleke hati Mahakama ya Ardhi, tuitoe kwenye usajili, au tubaki hivi hivi?

Dada wa Ghorofa ya Pili

Hamjambo wadau. Mimi na kaka yangu tuna nyumba ya mbao ya ghorofa tatu hapa Worcester, zile ambazo ukiona moja umeona mtaa mzima. Yeye anakaa chini, mimi katikati, juu kuna mzee mpangaji tuliyemkuta humo. Kaka ameoa, na wifi anataka kila mtu awe na hati yake na mkopo wake. Sina ugomvi na hilo, hata mimi nimechoka kulipa benki moja na watu wawili.

Tulienda kwa wakili tukijua ni kazi ya kuandika hati kuu ya kondominiamu (yaani jengo moja, kila ghorofa na mwenye wake), kuipeleka ofisi ya hati na kulipa ada. (Naandika kirefu makusudi. Mara ya kwanza nilimwambia mama kwa simu kwamba tunashughulikia "kondo", akauliza nani amejifungua.) Wakili akafungua kumbukumbu, akakaa kimya, kisha akasema ardhi yetu ni ya kusajiliwa na hati haziwezi kupokelewa mpaka Mahakama ya Ardhi ya Boston izisome na kuziidhinisha.

Ametupa njia tatu. Ya kwanza, kupeleka hati zisomwe. Ya pili, kuomba mahakama iitoe ardhi kwenye usajili, halafu tuandikishe kondominiamu kama watu wengine. Ya tatu, tuache hivi hivi tukiwa wamiliki wa pamoja na tuandikiane mkataba wa nani anakaa wapi. Yeye anaegemea ya pili. Kaka anapenda ya tatu kwa kuwa ni rahisi. Aliyepita huku aniambie.

Karani Mstaafu

Dada, kwanza elewa uko upande gani wa kaunta. Massachusetts ina mifumo miwili ya ardhi katika jengo moja. Ule wa kawaida, unaleta hati, inapigwa mhuri wa saa na kuingia kitabuni, na hakuna anayekuhakikishia kwamba aliyekuuzia alikuwa mwenye mali. Kazi hiyo ni ya wakili wako kurudi nyuma miaka na miaka.

Wa pili ndio wenu. Mahakama hiyo ilianza 1898 kwa kazi hii hasa: kusikiliza madai yote juu ya kiwanja, kuyamaliza, kisha kutoa cheti kinachosema nani mwenye mali na nini kinamfunga. Mtindo ni wa Torrens, ulioanzia Australia Kusini 1858. Wakenya mnaujua bila kujua kwamba mnaujua, maana sheria ya usajili wa hati ya 1919 kule nyumbani ilikuwa ya ukoo huohuo.

Sasa, kwa kuwa mahakama imesimama nyuma ya cheti, haitaki mtu akibandike vyeti vya nyumba tatu bila yenyewe kuona. Ndiyo maana hati kuu na hati ya amana inayounda chama cha wamiliki zinapita kwa wakaguzi wake kwanza. Si kesi. Hakuna anayekushitaki wala hutapanda kizimbani. Ni watu wanaosoma.

Mkazi wa Lowell

Sisi tulipita njia ya kwanza, nyumba ya familia tatu. Nasema ukweli: kilichotuchelewesha ni uchafu wetu wenyewe.

Kwanza jina. Cheti kilikuwa na jina la mume wangu kama lilivyo kwenye pasipoti ya zamani, la ukoo mbele. Leseni yake ya udereva ina mpangilio mwingine. Hati kuu ikaandikwa kwa jina la leseni. Ikarudi. Kwenye ardhi iliyosajiliwa anayetia sahihi lazima awe yule aliye kwenye cheti, kwa herufi zilezile, au uoneshe kwa karatasi kwamba ni mtu mmoja. Sisi Waafrika wenye majina matatu yanayozunguka kama watoto kwenye bembea, hapa ndipo tunapoanguka.

Pili, mkopo wa zamani. Mwenye nyumba aliyetutangulia alishalipa, na barua ya kufuta deni ilikuwepo. Ila ilikuwa imeandikishwa upande wa ardhi ya kawaida! Kwa cheti chetu ilikuwa kana kwamba haijaandikwa kabisa. Deni lililokufa lilikuwa bado limekaa kwenye karatasi ya vizuizi, namba na tarehe, linatutazama. Tulilazimika kuitafuta benki ambayo ilikuwa imeshamezwa na nyingine.

Tatu, saveya wetu alipima upya kiwanja na kuandika vipimo vyake. Vikapishana na vya cheti kwa inchi chache. Mkaguzi akasema maelezo ya mipaka yafuate cheti na mpango wa mahakama, yaani ramani yake ya kiwanja, basi. Vipimo vipya ni habari ya saveya.

Tulipomaliza hayo matatu, idhini ilikuja bila kelele.

Beleshi

Naona mnampeleka dada kwenye mahangaiko. Toeni ardhi kwenye usajili. Kifungu cha 52 cha Sura ya 185 ya sheria za jimbo kinaruhusu, na kuigeuza nyumba kuwa kondominiamu ni mojawapo ya sababu zinazokubalika. Unaomba mara moja, wenye maslahi wanapewa taarifa, hakimu akikubali mmemaliza. Kuanzia hapo kila badiliko la hati kuu, kila nyumba ikiuzwa, mnakwenda kaunta ya kawaida.

Na hampotezi kile mahakama ilichosema. Ardhi inatoka ikiwa na hadhi ya umiliki uliothibitishwa mpaka siku hiyo. Mimi ningekuwa na miliki ya awamu tano, yaani leo unajenga vitengo kumi, mwakani kumi vingine, na kila awamu nyongeza yake irudi kwa mkaguzi, nisingefikiri mara mbili.

Karani Mstaafu

Beleshi, kwa awamu tano nakubaliana nawe. Lakini dada ana nyumba moja iliyokwisha kujengwa, pengine kabla babu yake hajazaliwa. Ataidhinishiwa mara moja tu, harudi tena kila awamu.

Na umesahau kitu kimoja. Kwenye ardhi iliyosajiliwa hakuna mtu anayepata haki kwa kukalia. Jirani apande nyanya kwenye kona yako miaka arobaini, kona ni yako. Ikitoka kwenye usajili, saa inaanza kugonga, na katika jimbo hili ni miaka 20.

Dada, uzio wa nyuma uko wapi?

Mtu wa Tanga

Samahani wakuu, naingilia kama mgeni. Nyumbani kuna Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, na Kenya wakaja na yao mpya ya 2020. Huko unapeleka ramani ya jengo kwa msajili, anatoa hati ya kila sehemu. Mahakama inaingia wapi? Si mpaka watu wagombane?

Karani Mstaafu

Swali zuri. Kule msajili ni ofisa wa serikali na rejista ni yake. Hapa rejista ni ya mahakama, na yule msajili wa wilaya unayemwona kaunta, kwa ardhi ya aina hii, anafanya kazi kama msaidizi wake. Kwa hiyo kuuliza kwa nini mahakama inaingia ni kama kumuuliza mwenye nyumba kwa nini anapitia mlangoni.

Nimeungua

Naomba niongee na huyo kaka anayetaka njia ya tatu. Mimi na rafiki yangu wa miaka mingi tulinunua hivyo, wamiliki wa pamoja, mkataba tumeuandika mezani. Mkopo mmoja. Yeye akaacha kulipa nusu yake na benki ikanipigia mimi, kwa sababu benki haikuwahi kuona huo mkataba wetu wa mezani. Halafu akaomba mgawanyo. Jimbo hili mmiliki mwenza yeyote anaweza kwenda mahakamani kudai mali igawanywe, na nyumba ya mbao haikatwi kwa msumeno, kwa hiyo inauzwa na mnagawana pesa. Niliondoka na masanduku mawili na blenda.

Kaka mwenye mke mpya na dada katikati. Msifanye.

Dada wa Ghorofa ya Pili

Karani, umenikosesha usingizi. Leo asubuhi nilimtoa kaka kitandani, yeye akashika mwanzo wa tepu kwenye pembe ya nyumba na mimi nikaenda nayo mpaka uzio wa nyuma nikiwa na nakala ya mpango wa mahakama mkononi. Mpango unasema futi 41 na kitu. Uzio wa waya uko kwenye futi 38. Nikapima tena nikidhani tepu imekunjamana. Zile futi tatu zina banda la jirani la mashine ya kukata nyasi, na banda lenyewe limeota kuvu, si la jana.

Kumbe tulikuwa tunaelekea kuitoa ardhi kwenye usajili na kumpa jirani saa ya ukutani.

Nimempigia wakili, amekiri hakuwahi kufika nyuma ya nyumba. Tunapeleka hati zisomwe. Wifi ameuliza tu kama ataweza kuchagua rangi ya mlango.

Maswali mawili. Yule mzee wa juu, tunamfanyaje? Na asilimia: kaka anasema tugawane theluthi kila ghorofa, mimi naona ya juu ina dari la mteremko na jiko la kusimama mtu mmoja.

Mkazi wa Lowell

Kuhusu mzee: ile sheria ya jimbo ya 1983 inayompa mpangaji taarifa ya mwaka mmoja, au miwili akiwa mzee au mlemavu, inahusu majengo ya nyumba nne na kuendelea. Yenu ni tatu. Ila miji mingine ina kanuni zake, kwa hiyo wakili aangalie ya kwenu kabla hamjamwambia mzee neno. Na mwambieni mapema hata kama sheria haiwalazimishi, amewalea nyinyi mlipohamia na hamjui kuwasha hita.

Asilimia si suala la kugawana keki. Sura ya 183A, sheria ya jimbo ya kondominiamu, inataka zilingane, kwa kukadiria, na thamani ya kila nyumba ikilinganishwa na jumla. Theluthi tatu zinapendeza, lakini yule atakayenunua ya juu atalipa ada ya paa na bomba kwa theluthi hiyo, atakuja kuuliza. Leteni mthamini.

Jingine: ramani za ndani lazima msanifu, mhandisi au saveya athibitishe kwamba zinaonesha nyumba kama ilivyojengwa. Kama kaka amejiongezea chumba kule chini, kiingie kwenye ramani.

Dada wa Ghorofa ya Pili

Umejuaje kuhusu chumba cha chini?

Mkazi wa Lowell

Kila kaka wa ghorofa ya chini ana chumba cha chini.

Beleshi

Nimeshindwa kwa tepu, nakubali. Ila dada, jambo moja kabla hamjatuma rasimu. Andikeni maegesho ndani ya hati kuu, kila nafasi na nyumba yake, matumizi ya pekee, na zichorwe. Msiziache kwenye kanuni za chama mkisema mtakubaliana. Niko kwenye jengo la watu sita ambalo kila Februari mtu anachota theluji kwa saa nzima, anaondoka kwenda kazini, akirudi anakuta gari la mwenzake limekaa kwenye saruji yake safi.

Dada wa Ghorofa ya Pili

Tuna nafasi mbili na magari matatu. Naanza rasimu na wifi leo jioni, yeye ndiye mwenye gari la tatu.