Chipu ya kumbukumbu ya FRAM kwenye kirekodi joto cha chumba cha samaki: inalipa?

Mtu_wa_Kirumba:
Wakuu, habari za jioni. Nahudumia kirekodi joto kwenye chumba baridi hapa mwaloni Kirumba, kilifungwa na fundi mwingine. Kinaandika kila sekunde kwenye 24C256, chipu ya kumbukumbu aina ya EEPROM, na namba ya rekodi ya mwisho inaandikwa palepale kila mara. Sasa chipu inarudisha takataka, na ukiweka mpya haimalizi mwezi. Umeme ukikatika ndiyo balaa: mwenye chumba anasema mlango uliachwa wazi, wenye sangara wanasema umeme ulikatika, wote wananigeukia mimi. Nasikia FRAM haichoki, ila bei yake imechangamka. Inalipa?

Mama_Saketi:
Kaka, piga hesabu. EEPROM nzuri ya aina hiyo huahidiwa kuandikwa mara milioni 1. Sekunde milioni 1 ni siku 11 na nusu, hiyo yako imejitahidi! Inachakaa kwa sababu elektroni zinalazimishwa kupenya ukuta wa oksidi kila unapoandika. FRAM haina hayo. Ina fuwele ya PZT, yaani risasi, zirkoni na titani. Ukiipa volti, atomu ya katikati inasogea upande mmoja, na umeme ukikata inabaki hukohuko. MB85RC256V, FRAM ya Fujitsu, imetajwa kuhimili mara trilioni 1. Miguu minane ileile, anwani ya kuiita 0x50 ileile, kwa hiyo inakaa mahali pa ile ya zamani. Ila kusoma kunafuta, chipu inarudishia yenyewe, kwa hiyo kusoma nako kunahesabika.

Ngosha_wa_Igoma:
Sangara gani anapata joto kwa sekunde moja? Rekodi kila dakika 5, hiyo milioni itakupeleka miaka 9. Tena kwa rekodi ya baiti 8, KB 32 za chipu hiyo zinajaa kwa saa 1 na ushee ukiandika kila sekunde. Kwa dakika 5 unapata wiki 2. Pesa ya FRAM kanunulie betri.

Mama_Saketi:
Ngosha, na umeme ukikata katikati ya kuandika? EEPROM inataka hadi milisekunde 5. FRAM, baiti ikifika imeshakaa. Ugomvi wao uko hapo hapo.

Mtu_wa_Kirumba:
Nachukua ya wote. Joto kila dakika 5, mlango ukifunguliwa au umeme ukikata iandike papo hapo, kwenye FRAM. Asanteni sana.

Mama_Saketi:
Sawa kaka. Chomea kwanza ndipo uandike mipangilio, joto la kuchomea linaweza kufuta kilichomo.