Mashine mpya za gemu zikikataa sidii za zamani, sisi wa mabanda twende wapi?

Mwenye Banda, Chikongola (Mtwara mjini)

Wakuu, habari za humu. Naomba tujadili jambo moja, na nitashukuru wakijitokeza mafundi na wachezaji wa siku nyingi.

Nina banda la gemu hapa Chikongola. PS2 na PS3 (PlayStation ya pili na ya tatu, mashine za kampuni ya Sony), TV za chogo na moja bapa. Bodaboda wanaingia mchana jua likiwa kali, wanafunzi jioni, na msimu wa korosho mzee akishalipwa hela ya mnada anashuka mjini kununua bati, watoto anawaacha kwangu mpaka amalize mizunguko yake. Sheria ni ile ile ya mabanda yote, aliyefungwa anampisha mwenzake.

Sasa nimejikusanya, nataka kuingiza mashine mpya. Vijana wanaulizia PS5 kila siku. Kinachonizuia ni kabati langu la sidii. Nyingi alinitumia kaka yangu enzi zake za ubaharia, sidii halali zenye maboksi na vitabu vya maelekezo. Za PS1 ukizigeuza, chini ni nyeusi tii. PS2 ilipotoka mwaka 2000 ilizipokea. Hata kadi ya kumbukumbu ya PS1 unaichomeka kwenye PS2, unaweka sidii yake, unaendelea pale ulipoishia. Nilipopata PS2 hakuna sidii hata moja niliyoiweka pembeni, na nikadhani mambo yatakuwa hivyo siku zote.

Kuna mteja wangu mvuvi wa kule Shangani. Ana kadi yake mwenyewe ya PS2, ile ya MB 8, anaifunga kwenye nailoni isilowe. Akija anaifungua taratibu, anaifuta kwa shati, anaichomeka. Ndani kuna Master League, yaani ligi ya kujenga timu yako, ya gemu ya mpira ya PES, aliyoianza akiwa sekondari. Majina ya wachezaji kayabadilisha, kikosi chake kina beki wa mtaani kwao na golikipa ni binamu yake. Anacheza mechi zake, anahifadhi, anachomoa, anaifunga tena kwenye nailoni na kurudi zake baharini. Mtu huyu nimwambie nini siku PS2 yangu ya mwisho ikigoma kuwaka?

Msimamo wangu nausema wazi: kampuni ikitoa mashine mpya, ihakikishe inacheza gemu za mashine zake zilizotangulia. Jembe nililonunua halikatai kulima eti kwa kuwa duka limeleta jembe jipya. Hela nilishatoa. Je, ninyi mnaonaje? Na kiufundi, kwa nini wameshindwa?

Fundi wa Mikindani

Mkuu, swali zuri. Nafungua hizi mashine kila wiki, nikueleze ninavyozijua ndani.

PS2 ilicheza sidii za PS1 kwa sababu ndani yake waliweka prosesa, yaani ubongo, ya PS1 yenyewe. Gemu ya PS2 ikiwa inaendelea, ile prosesa inashughulikia pedi, kadi na kazi nyingine za pembeni. Ukiweka sidii nyeusi, inashika usukani. Hapakuwa na uchawi, ni mashine mbili kwenye boksi moja.

PS3 za mwanzo kabisa, za mwaka 2006, zilifanya vile vile. Walichukua prosesa ya PS2 inayoitwa Emotion Engine pamoja na chipu yake ya picha, wakazipachika kwenye bodi ya PS3. Zilizoingia Ulaya mwaka 2007 wakaitoa Emotion Engine, wakabakiza chipu ya picha, kazi iliyobaki ikafanywa na programu, na gemu nyingine zikaanza kusumbua. Zilipokuja za GB 40 wakatoa vyote. Sababu ni gharama. PS3 iliingia sokoni Marekani kwa dola 499 na 599, watu walilalamika sana, ikabidi wapunguze vitu.

PS4 ya mwaka 2013 ni habari nyingine. PS3 ilitumia prosesa ya Cell, ambayo ilikuwa na mpangilio wa peke yake na watengeneza gemu wenyewe iliwatoa jasho. PS4 wakaachana nayo, wakahamia kwenye prosesa za ukoo wa kompyuta za kawaida. Gemu iliyoandikwa kwa ajili ya Cell ukiiweka pale haielewi kitu. PS5 ya mwaka 2020 ni ya ukoo ule ule wa PS4, ndiyo maana Sony wanasema karibu gemu zote za PS4, ambazo ni zaidi ya 4,000, zinacheza humo. Kwa hiyo PS5 itakubali sidii zako za PS4 kama unazo, ila za PS1, PS2 na PS3 itazikataa zote.

Kwa mabanda kuna jambo jingine. Zile sidii za kuchoma zilizojaa mitaani zinacheza kwenye PS2 iliyochipuliwa tu, yaani iliyofanyiwa ujanja ikubali sidii zisizo halali. Hata hizo PS3 za mwanzo zinataka sidii halali. Wewe una bahati ya kaka yako baharia. Mabanda mengi yakipewa leo mashine inayocheza kila kizazi, makabati yao bado hayatasomeka.

Mchezaji wa Mtanda, Lindi

Kaka, heshima yako, ila mimi sikubaliani na wewe. Mashine mpya nainunua kwa ajili ya gemu mpya. Kila chipu ya zamani wanayoiongeza nailipia mimi, na huku kwetu ikishapita bandarini, ikapanda lori mpaka Lindi, bei imeshaumuka. Kama PS2 yako inawaka, icheze hiyo hiyo. Nani kakuambia uiuze?

Na tazama kampuni ya Nintendo. Mashine yao ya Switch ya mwaka 2017 haikucheza gemu za Wii U, iliyoitangulia, hata moja, na bado imeuzwa zaidi ya mashine milioni 140 duniani. Watu hawakujali. Mdogo wangu ana miaka kumi na tatu, nilimwekea gemu ya PS2 akaniuliza kwa nini picha imepauka.

Mwenye Banda, Chikongola

Dada, nimekusoma vizuri na hoja ya bei naielewa, mimi ndiye ninayelipa. Lakini "icheze hiyo hiyo" ni rahisi kwa mtu asiyehangaika na mafundi kila siku. PS2 zilisimama kutengenezwa tangu Januari 2013. Hapa Mtwara upepo wa chumvi unakula vyuma, jicho la kusomea sidii linachoka, umeme unakatika na kurudi kwa kishindo unaondoka na pawasaplai. Jicho la kubadilisha tunalipata kwa kuchinja PS2 nyingine. Kila mashine inayopona, nyingine imekufa. Ukiniambia nibaki nayo milele, unaniambia nisubiri zile zilizobaki ziishe.

Na kuhusu Switch, hebu niulize. Switch 2 ilipotoka Juni 2025, mbona ilicheza gemu nyingi za Switch? Kama watu hawajali, kampuni ilijisumbua ya nini? Na kabla ya hapo Wii ilikuwa inacheza sidii za GameCube, mashine yao iliyoitangulia, Wii U ikacheza za Wii. Wanajua kabisa kwamba mtu mwenye kabati la gemu anarudi kununua mashine yao akijua kabati halitakufa. Wii U ndiyo iliyouzika vibaya, kwa hiyo kuwaacha watu wake hakukuwauma sana. Huo ndio ukweli ninaouona, wanapima kwanza wangapi watalia.

Mdogo wako sina neno naye. Ila kwangu watoto wa umri huo huo wanapanga foleni kwenye TV ya chogo kwa ajili ya Tekken, gemu ya kupigana, maana PS3 imejaa. Baada ya muda kidogo hawaulizi tena habari za picha, wanauliza zamu.

Kijana wa Masasi

Mkuu, umesahau Xbox, mashine za Microsoft. Kati ya wote hao, Microsoft ndio waliojitahidi. Mwaka 2015 waliiwezesha Xbox One kucheza baadhi ya gemu za Xbox 360, mwaka 2017 wakaongeza za Xbox ya kwanza kabisa, na Xbox Series X inazicheza pia. Ninayo, na nyingine zinaonekana nzuri kuliko zamani.

Mwenye Banda, Chikongola

Kijana wangu, hilo nalijua na nawasifu. Lakini waambie wenzetu inavyofanya kazi. Ukitia sidii ya 360, mashine haichezi kutoka kwenye ile sidii. Inaitazama tu kuthibitisha kwamba unayo, halafu inashusha gemu nzima kutoka intaneti, GB kwa GB. Kwako Masasi bando la gemu moja linakula kiasi gani? Mimi hapa banda zima linategemea bando la simu yangu, na ndilo la kupokelea miamala ya wateja.

Halafu ni kwa zile gemu zilizo kwenye orodha yao peke yake. Novemba 2021 waliongeza gemu 76, wakasema ndio mwisho, kwa sababu za haki za kisheria na za kiufundi. Gemu ina miziki ya watu, ina nembo za timu, mkataba ukiisha kila mwenye mali anataka kuulizwa upya. Sisi wa mpira ndio tunaoumia hapo, maana gemu za mpira ni leseni tupu, kuanzia jezi mpaka jina la uwanja.

Ndiyo maana nikisema mashine mpya icheze za zamani, ninamaanisha kutoka kwenye sidii yenyewe, bila kuomba ruhusa kwa mtu aliye ng'ambo. Duka la mtandaoni la Xbox 360 lilifungwa Julai 2024. Sony nao mwaka 2021 walitangaza kufunga maduka ya mtandaoni ya PS3 na ya mashine zao za mkononi, PSP na Vita. Watu wakapiga kelele, wakaacha ya PS3 na Vita yaendelee. Kelele ndizo zilizosaidia pale. Siku nyingine je?

Mteja wa Ndanda

Simu tu wakuu. Programu ya PPSSPP kwenye Android inacheza gemu za PSP bila shida, na za PS2 zina programu zake. Mambo ya kabati ya nini.

Mwalimu, Nachingwea

Nachangia kidogo. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani ya kuhifadhi historia ya gemu, Video Game History Foundation, ilitoa utafiti wake. Kati ya gemu za zamani zilizowahi kutolewa Marekani, asilimia 87 hazipatikani tena madukani kwa njia ya halali. Yaani hata ukiwa na hela huuziwi. Ndugu wa Ndanda, hizo programu za simu ni kazi ya watu wa kujitolea, na wamefanya kazi kubwa. Lakini ni kwa nini kazi hiyo waachiwe wao, wakati mwenye kampuni ndiye aliyechukua hela?

Tena kampuni wanajua gemu hizo bado zina thamani. Shadow of the Colossus ilitoka PS2 mwaka 2005, ikauzwa tena PS3 mwaka 2011, ikatengenezwa upya kwa PS4 mwaka 2018. Aliyeipenda toka mwanzo alialikwa dukani mara tatu.

Mwenye Banda, Chikongola

Mwalimu, shikamoo, na ubarikiwe. Hapo kwenye mara tatu ndipo moyo wangu unapochemka. Simkatazi mtu kutengeneza upya, zipo zilizotengenezwa kwa heshima kabisa. Ninachokataa ni kufungiwa ile niliyonayo ili ninunue hiyo.

Ndugu wa Ndanda, simu haikai watu wawili bega kwa bega na pedi mkononi huku kundi zima likipiga kelele nyuma. Banda langu ni hilo kundi.

Sasa Fundi, nisaidie uamuzi. Nafikiria hivi: PS5 moja yenye sehemu ya sidii, kwa ajili ya mpira mpya, nianze nayo kwa sidii za mtumba za PS4 zenye bei nafuu. Na pembeni nitafute PS3 ya aina ile ya mwanzo kwa ajili ya kabati. Nitaitambuaje nisiuziwe mbuzi kwenye gunia? Na pedi za PS4 zitafanya kazi kwenye PS5?

Fundi wa Mikindani

Mpango mzuri. Kwenye PS3 hesabu matundu ya USB kwa mbele. Yakiwa manne ni ya familia ile ya mwanzo, yakiwa mawili iache. Halafu geuza usome namba ya modeli: CECHA na CECHB ndizo zenye chipu zote mbili za PS2, CECHC na CECHE zina moja. Kabla hujatoa hela iwashe, icheze gemu nzito ya PS3 kwa muda mrefu, usikilize feni. Zile zinapata joto sana, taa ya njano ikiwaka na kuzima ghafla, hiyo ni mgonjwa. Ukiipata niletee kwanza nibadilishe pesti ya kupooza prosesa. Angalia pia na kanda: sidii za PS1 na PS2 za Ulaya zinataka PS3 ya Ulaya, kwa hiyo tazama maboksi ya kaka yako yameandikwa PAL, alama ya kanda ya Ulaya, au la.

Yakiwa PAL, tafuta CECHC. Gemu chache zitasumbua, nyingi zitacheza. PES za mvuvi wako tutazijaribu moja moja. Kadi yake ya MB 8 haiingii kwenye PS3 moja kwa moja, inahitaji kile kifaa cha USB cha kuhamishia walichotoa Sony wenyewe, na ni adimu. Ukikikosa, mwachie PS2 moja nzima, mimi nitaitunzia jicho.

Pedi za PS4 kwenye PS5 zinafanya kazi kwa gemu za PS4 tu. Ukiweka gemu ya PS5 yenyewe, inataka pedi yake.

Mwenye Banda, Chikongola

Maboksi nimeyaangalia sasa hivi, yote ni PAL. Mwenye CECHC popote kuanzia Kilwa mpaka Newala, iwe inawaka au imekufa, anitumie ujumbe. Naja na hela mkononi.