Tupeane uzoefu: kusimama na bango la utafiti wa kiangazi chuo cha Marekani

Mtu wa Pangani: Wakuu, picha za mabango ya utafiti zimeanza kuzagaa, nami nimekumbuka madudu yaleyale ya kila mwaka. Wiki nane au kumi za maabara zinaisha, na vijana wetu wa shahada ya kwanza huko Marekani wanapanga mabango ukumbini. Naanza na vipimo. Bango la kawaida kule ni inchi 48 kwa 36. PowerPoint inakufungulia slaidi ya inchi 13.33 kwa 7.5, kwa hiyo badili ukubwa KABLA hujaandika chochote. Ukingoja mwisho, uwiano unakataa: ile ni 16 kwa 9, hii ni 4 kwa 3, na kila duara linageuka yai. Herufi za kichwa pointi 85 kwenda juu, za maelezo zisishuke chini ya 24. Peleka PDF kwa mchapaji, maana kompyuta yake haina fonti zako na mistari itahama.

Bi Grafu: Naongezea. Nembo ya chuo iliyonyofolewa kwenye tovuti mara nyingi ina pikseli 200 tu. Ukiivuta hadi inchi 6, zinabaki pikseli 33 kwa inchi, na wewe unahitaji walau 150. Grafu usiipige picha kwenye skrini; itoe kwenye R au Python (programu za takwimu) kwa SVG au PDF, mafaili yasiyofifia ukiyakuza.

Kamau wa Thika: Kweli kabisa. Nembo zingine utadhani zimepigwa na kitochi.

Visima Sita: Hayo ya nembo madogo. Ngojeni la kijana mmoja wa baiolojia ya seli, chuo sikitaji. Bango safi, rangi zimekaa. Nguzo mbili: seli zilizotiwa dawa na zisizotiwa. Juu nyota tatu (alama kwamba tofauti si ya bahati tu), chini n = 6 (idadi ya vipimo vinavyojitegemea). Akaja mama mmoja mtu mzima, hana hata beji ya ujaji, akauliza taratibu: hizo sita ni nini? Visima sita (vishimo vya kukuzia seli kwenye pleti, yaani sahani ya maabara). Vya pleti moja? Ndiyo. Seli za flaski moja? Ndiyo. Siku moja? Ndiyo. "Basi n yako ni moja." Pakawa kimya hadi majirani wakageuka. Visima sita vya flaski moja vinakuonyesha mkono wako na pipeti vimetulia kiasi gani. Havisemi kama dawa itafanya vilevile kesho. Ndiyo maana vile vijiti vya makosa (mistari juu ya nguzo inayoonyesha vipimo vinapishana kiasi gani) vilikuwa vifupi mno. Alitakiwa arudie jaribio lote siku tatu tofauti, visima vya kila siku avifanyie wastani upatikane mmoja, halafu alinganishe hizo wastani. Na kinachouma: data za siku mbili nyingine alikuwa nazo! Aliambiwa aweke ya siku iliyopendeza.

Dada Moshi: Jamani! Msimamizi alikuwa wapi?

Visima Sita: Kwenye vitafunwa.

Kamau wa Thika: Ndo maana nasema wapeni PhD wote likizo ya lazima.

Mchumi Mtaratibu: Msimlaumu kijana peke yake. Kwenye wiki nane, toa mafunzo ya usalama, toa kungoja seli zikue, muda hautoshi. Aandike wazi "jaribio moja, visima sita", afute nyota, aite matokeo ya awali.

Ngariba wa Data: Afute nyota halafu ashinde nini?

Mchumi Mtaratibu: Kwani ni mbio? Na mwambie aandike vijiti ni SD (mtawanyiko wa vipimo vyenyewe) au SEM (kosa linalokadiriwa la wastani). SEM ni SD ukigawanya kwa kipeuo cha pili cha n. N ikiwa 9, kijiti kinabaki theluthi. Wengi wanaichagua kwa huo ufupi tu.

Bi Grafu: Tumieni mtindo wa bango wa mtafiti Mike Morrison wa 2019: katikati sentensi moja kubwa ya ulichogundua, mengine pembeni. Mpita njia anaelewa bila kusimama.

Ngariba wa Data: Halafu jaji mwenye fomu anatafuta mbinu haoni. Alama sifuri.

Wakili Kijiweni: Mmesahau hataza (patent, haki ya mvumbuzi). Bango kwenye ukumbi wazi ni kutangaza hadharani. Marekani inakupa mwaka mmoja tangu kutangaza uwe umeomba. Ulaya haikupi mwaka huo. Muulize msimamizi kabla hujatuma ikisiri, siyo ukiwa umeshachapa.

Dada Moshi: Na wenye viza ya F-1 (ya mwanafunzi): posho za REU, mpango wa utafiti wa wanafunzi wa shahada ya kwanza wa NSF (mfuko wa sayansi wa serikali ya Marekani), ni za raia na wakaazi wa kudumu wa Marekani. Tafuteni fedha za chuo chenyewe. Ndani ya chuo wakati wa likizo unaruhusiwa kazi ya muda wote. Nje ya chuo upate CPT (kibali cha mafunzo kwa vitendo) kabla ya siku ya kwanza.

Kamau wa Thika: Hiyo ni mada nyingine, dada.

Dada Moshi: Ni hiihii. Asiyepata nafasi atasimama na bango gani?

Mtu wa Pangani: Tusigombane. Karatasi au kitambaa?

Bi Grafu: Kitambaa. Kinakunjwa kwenye begi, huna haja ya kubeba bomba la bango kwenye ndege. Pini pembe nne na moja katikati juu, la sivyo kinalegea.

Ngariba wa Data: Karatasi. Kitambaa kinatoka na mikunjo juu ya grafu.

Bi Grafu: Kipige pasi upande wa nyuma, moto mdogo.

Ngariba wa Data: Pasi ya nani, hotelini?

Bi Grafu: Fungua kabati, mkuu.