Mjadala: Kuhamia jimbo lisilo na kodi ya mapato, ni hesabu au ni mkumbo?

Mbeba Boksi, Maryland

Wakuu, habari za majukumu. Naleta hoja hii hapa kwa sababu siku hizi kwenye kila harusi na kila msiba wetu hapa Marekani, watu wakishakula, maongezi ni yale yale. Fulani kahamia Houston. Fulani kanunua nyumba nje kidogo ya Dallas, vyumba vinne, garaji ya magari mawili, na kule "hakuna kodi". Vijana wakirudi usiku ule wanaanza kuulizia bei ya lori la kukodi.

Msimamo wangu ni huu: anayehama jimbo kwa kufuata kodi ya mapato peke yake anafuata mkumbo. Anayenipinga anipinge kwa hesabu, asinitumie picha za jiko jipya.

Majimbo yasiyokata kodi ya mapato kwenye mshahara ni tisa: Alaska, Florida, Nevada, New Hampshire, South Dakota, Tennessee, Texas, Washington na Wyoming. Wyoming watu wetu hawaendi. Wanaenda Texas, na wachache Florida, Tennessee na Washington. Sasa jiulize, hayo majimbo barabara yanajenga kwa pesa gani? Texas wanachukua kwenye nyumba. Kwenye mitaa mipya ya pembezoni, ukijumlisha kodi ya kaunti, ya shule, na ya zile mamlaka za maji zilizokopa ili kutandaza mabomba ya mtaa, kodi ya majengo inavuka asilimia 2 ya thamani ya nyumba, kila mwaka, mpaka uzeeni. Tennessee wanakusubiri dukani. Jimbo linatoza asilimia 7, mji unaongeza yake, na Memphis unafika 9.75. Hata unga wa ugali una kodi, ingawa ni pungufu kidogo.

Halafu kuna mshahara. Kima cha chini Texas ni dola 7.25 kwa saa, kile kile cha serikali ya shirikisho ambacho hakijaguswa tangu Julai 2009. Hapa Maryland ni 15. Najua hakuna anayebeba boksi Dallas kwa 7.25, msiniandame na hilo. Lakini mwajiri anapopanga malipo ya mhudumu wa wazee anaanzia kuhesabu pale ambapo sheria inamruhusu kuanzia.

Nesi wa Usiku, Texas

Ndugu Mbeba Boksi, umetaka hesabu, basi chukua hesabu.

Tulitoka Massachusetts, Lowell, ambako Wakenya tumejaa mpaka unaweza kununua sukuma wiki ukivaa sandals. Nyumba tuliyokuwa tukiitazama kule iliitishwa dola 550,000. Hii tuliyonunua hapa ilikuwa 350,000, na ni kubwa kuliko ile. Tofauti ni laki mbili. Laki mbili za mkopo kwa riba ya asilimia 6.5, miaka 30, ni kama dola 1,260 kila mwezi. Hiyo ndiyo pesa iliyotuhamisha. Kodi ya mapato ilikuja nyuma yake.

Na hapo kwa kodi ya majengo, wewe unasoma asilimia na kusahau bili. Asilimia 2.2 ya 350,000 ni dola 7,700. Lakini mtu anayeishi kwa nyumba yake mwenyewe hapa huandikisha msamaha, na tangu wapiga kura waliposema ndiyo Novemba 2025, dola 140,000 za kwanza hazihesabiwi kwa kodi ya shule. Kama kiwango cha shule ni karibu asilimia 1, bili inashuka hadi kama 6,300. Lowell kiwango ni kama asilimia 1.1, lakini ni ya 550,000, yaani dola 6,050. Karibu sawasawa! Halafu Massachusetts inakata asilimia 5 ya mapato juu yake, ambayo kwa familia ya dola 90,000 ni kama elfu nne kwa mwaka. Sasa mkumbo uko wapi?

Kitu kingine ambacho wanaume wa boksi hawakifikirii ni leseni. Leseni yangu ya unesi ya hapa iko kwa mkataba wa majimbo zaidi ya 40, naweza kuchukua kazi ya muda Georgia au Delaware bila kuomba upya. Minnesota haimo kwa mkataba, California pia haimo. Ingawa California nayo ina lake: sheria ya huko inampa nesi wa wodi ya kawaida wagonjwa watano, basi, na ICU, kwa wagonjwa mahututi, wawili. Nesi aliyechoka mgongo ana haki ya kuhama kwa sababu hiyo tu, kodi iwe juu namna gani.

Mbeba Boksi, Maryland

Dada Nesi, hesabu nimeipokea na ni nzuri. Ila umeandika mkopo na kodi, bima ya nyumba umeiacha nje. Mvua ya mawe inatoboa paa huko kila masika, na kampuni za bima zinajilipa kwenu. Na umeme? Februari 2021 baridi ilikaribia kuangusha gridi ya Texas nzima na mamilioni wakakatiwa umeme, idara yao ya afya wenyewe ikahesabu watu 246 waliokufa. Julai 2024 kimbunga Beryl kikawakata zaidi ya wateja milioni mbili kule Houston, kwenye joto lile. Jenereta nayo iingie kwenye hesabu.

Na ukitazama vizuri, hesabu yako ni ya mwenye kununua nyumba. Wengi wanaohama ni wapangaji, hawana msamaha wa kuandikisha. Mwenye nyumba anaingiza kodi ya majengo kwenye pango, anakutumia bili bila jina lake.

Mzee wa Theluji, Minnesota

Nimesoma yote. Nipo Brooklyn Park, nje ni nyuzi ambazo sitaziandika. Sihami.

Mama Furaha, Kentucky

Bandugu, salamu kutoka Louisville. Mnaongea kama kila mtu alikaa mezani akachagua jimbo. Sisi tuliotoka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, hatukuchagua. Tulipangiwa. Karatasi iliandikwa Kentucky, na kuna watu kwenye ile ndege walidhani Kentucky ni mtaa wa New York. Shirika lilitupokea, likatusimamia siku 90 za mwanzo, halafu tukawa peke yetu. Baadaye ndiyo watu wanaanza kuhama: huyu anafuata kaka yake Iowa kwenye kiwanda cha nyama, huyu anafuata kanisa lake Ohio, huyu Texas.

Mimi nilibaki. Ndugu Mbeba Boksi anasema tusidanganywe na kodi ya jimbo, na mimi naongeza: angalieni kodi ya mji. Hapa Louisville anayeishi na kufanya kazi mjini anakatwa asilimia 2.2, mbali na ile ya jimbo. Hiyo hakuna mtu anakutajia kwenye simu. Unaiona kwenye slipu ya mshahara.

Lakini nawaambia kilichonishika hapa. UPS, ile kampuni ya kusafirisha vifurushi, wana uwanja wao mkubwa wa ndege za mizigo hapa Louisville, na kuna mpango wa tangu 1998: kijana anayepakua mizigo usiku analipiwa chuo, iwe Chuo Kikuu cha Louisville au kile cha jamii. Mwanangu analala mchana na anasoma jioni, macho mekundu, lakini hana deni. Nyumba ya bei nafuu ya Dallas ingenipa chumba kimoja zaidi na deni la chuo. Na hapa nikienda shule ya mdogo wake, namkuta mtu wa kunitafsiria kwa Kiswahili. Mnaona hilo ni jambo dogo? Nendeni mkae na mwalimu akiongea kuhusu mtoto wenu na nyinyi mnaitikia tu.

Tena, wakimbizi ambao hamjapata grini kadi, msihame kwa kusikia jimbo fulani lina msaada mzuri. Sheria ya Julai 2025 imewatoa kwenye stempu za chakula mpaka mpate hiyo kadi, na ni sheria ya shirikisho, haijali uko wapi. Ombeni kadi mwaka mmoja ukitimia, kwanza hilo.

Asiyejulikana, Massachusetts

Nitaandika kwa kifupi na mtaelewa kwa nini sina jina.

Makaratasi yangu hayajakaa sawa. Kwangu mimi ramani ya Marekani ni nyingine kabisa. Hapa nina leseni ya udereva tangu sheria ilipoanza Julai 2023, bila kuulizwa hadhi yangu. Maryland, Washington na Minnesota hivyo hivyo. Texas, Georgia na Tennessee hakuna. Dereva asiye na leseni akisimamishwa kwa taa ya nyuma iliyoungua, safari yake inaweza kuishia mbali sana. Watoto nao: Texas ilikuwa jimbo la mwanzo kabisa, 2001, kuwaruhusu waliokulia pale bila makaratasi walipe ada ya mwenyeji, ile nafuu, chuoni. Juni 2025 mahakama ya shirikisho iliizima sheria hiyo, na jimbo lenyewe halikuitetea.

Nawaomba wenye kesi mahakamani wasome hapa mara mbili. Ukihama, mahakama ya uhamiaji lazima ijue anwani mpya ndani ya siku 5, kwa fomu EOIR-33. Idara ya uhamiaji ndani ya siku 10, fomu AR-11, na hiyo inamhusu karibu kila asiye raia, hata mwenye grini kadi. Kesi haikufuati yenyewe. Unaomba ihamishwe, na jaji anaweza kukataa, kwa hiyo unajikuta unaishi Dallas na kesi iko Boston. Ikihamishwa pia tazama unaenda kwa majaji gani, maana kiwango cha kukubaliwa hifadhi kinatofautiana sana mahakama hadi mahakama. Hilo la kodi nitaliwaza nikishapata karatasi.

Bin Unguja, Ohio

Assalaam aleykum jamiani. Ndugu Asiyejulikana kasema la maana kuliko sote, Mungu amfungulie.

Mimi nililoangalia ni skuli na madrasa. Rai yangu ni nyepesi: Muislamu mwenye watoto aende walipo Wasomali. Columbus au Minneapolis. Msikiti upo, nyama ya halali ipo mlangoni, mwalimu wa Kurani yupo, na Ijumaa mwajiri keshazoea. Columbus nayo inakata kodi ya mji asilimia 2.5, Mama Furaha kasema kweli, inauma. Nailipa.

Kuhusu kuhama mbali na watu, kuna jambo nyinyi wenye nyumba kubwa hamlitii kwenye vitabu vyenu. Mtu akifariki, kumsafirisha nyumbani ni maelfu ya dola. Hapa tunakaa usiku mmoja, simu zinapigwa, pesa zinatimia. Huko kwenye mitaa mipya ambapo jirani humjui jina, nani atapiga hizo simu?

Nesi wa Usiku, Texas

Bin Unguja, Texas tuna watu hadi michango inatuchosha! Harambee Jumamosi, harambee Jumapili, na kuna mwezi ukihesabu unaona hiyo kodi ya mapato uliyoikimbia umeilipa kwa simu. Kwa hivyo hilo la upweke halituhusu, labda uhamie Amarillo.

Mwaka wa Pili, Georgia

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza. Nasoma chuo cha jamii hapa karibu na Marietta, wazazi wanataka tuhamie Tennessee kwa mjomba. Ada yangu itakuwaje?

Mbeba Boksi, Maryland

Marahaba kijana. Waambie wazazi wasubiri umalize. Kwa kawaida chuo cha serikali kinataka mkae jimboni miezi 12 kabla ya kukutoza ada ya mwenyeji, na wakiona mlihamia kwa ajili ya shule tu wanaweza kubisha. Georgia mna ile skolashipu ya HOPE inayolipwa na bahati nasibu tangu 1993, ukihama unaiacha. Tennessee wana mpango wao wa chuo cha jamii bure, lakini ni wa wahitimu wa sekondari wa pale pale, na wewe umeshapita hapo. Mdogo wako aliye sekondari ndiye anayeweza kufaidika. Unaona, nyumba moja, watoto wawili, majibu mawili.

Dada Nesi, umekwepa swali moja. Texas haikupanua Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato cha chini, ni kati ya majimbo kumi yaliyobaki. Mtu mzima asiye na mtoto, asiye na ulemavu, mwenye kipato cha chini, hapati. Mzazi naye mpaka awe fukara kabisa. Hapa Maryland angepata. Hao vijana mnaowaita waje kwenye maghala, wakiugua wanakwenda wapi?

Nesi wa Usiku, Texas

Wanakuja kwa emajensi, ambapo mimi ndiye ninayewapokea saa tisa usiku, na bili inawafuata miaka. Nawaona kila wiki.

Mdogo wangu alitaka kutufuata mwaka jana. Ana sukari, na kazi aliyoahidiwa huku ilikuwa ya wakala, bila bima. Nilimwambia abaki Lowell na dawa zake mpaka apate kazi yenye bima kutoka siku ya kwanza, na nikamwambia barua ya ajira anitumie mimi niisome kabla ya kutia sahihi. Bado yuko huko. Lakini mume wangu na mimi hatutoki hapa, na hesabu yangu ya kwanza hujaivunja.