Pazia la dirisha la korido na baridi ya Mbeya: naomba ushauri

Mama Wawili (Mbeya)
Habari za jioni wapendwa. Nyumba yetu ina korido ndefu, nyembamba, na mwisho wake kuna dirisha la aluminiamu lenye upana wa sentimita 120, linatazama kaskazini, upande wa mlima Loleza. Nimeweka shiria nyeupe peke yake, lile pazia jepesi la kupitisha mwanga. Mchana inapendeza, ila usiku taa ikiwaka majirani wanatuona tukipita, na Juni ikiingia baridi ya pale ni ya kutetemesha. Mama mkwe tunakaa naye. Usiku huenda msalani akipapasa ukuta, kwa hiyo sitaki kitu cha kumnasa miguu. Mume wangu anataka blaindi, mimi nataka pazia. Mnasemaje?

Wa Makambako
Dada, mwambie shemeji blaindi za plastiki aziache. Dirisha likiwa wazi kidogo na upepo ukavuma, zinagonga nondo usiku kucha.

Fundi Pazia (Iringa)
Bibi mpe shikamoo yangu. Kazi yangu ni kushona pazia, na inaniuma kuona hela yote inaishia sebuleni, korido inapewa kipande kilichobaki.

Shiria usiitoe. Inaficha mchana kwa sababu nje kuna mwanga kuliko ndani. Taa ikiwashwa mambo yanageuka. Mbele yake weka pazia zito lenye bitana. Hewa inayobaki kati ya kitambaa na bitana ndiyo inayopunguza baridi, kwa hiyo usikubali kuuziwa kitambaa cha bei kisicho na bitana.

Fimbo izidi dirisha sentimita 20 kila upande, jumla 160, ili mchana pazia likivutwa likae ukutani lisile mwanga. Kitambaa kiwe mara mbili ya hapo, yaani mita 3.2. Ukipata chenye upana wa mita 2.8, upana huo ndio unakuwa urefu wa pazia, hakuna kuunga. Pindo la chini liwe pana, linalipa pazia uzito likatulia.

Kwa ajili ya bibi, liishie sentimita 15 chini ya dirisha. Baridi kidogo itapenya, kweli, lakini mzee asianguke.

Halafu una bahati na upande huo. Juni na Julai jua letu linapita kaskazini. Fungua pazia lote saa nne asubuhi, korido ipate joto, ufunge saa kumi na moja jioni.

Mwalimu (Tukuyu)
Niongezee la unyevu, maana huku tunaujua. Asubuhi za baridi kioo kinatoa jasho, na bitana ikikigusa inashika madoa meusi ya kuvu ambayo hata jiki haiyamalizi. Pazia likae mbali na kioo, na kioo kifutwe kila asubuhi kwa kitambaa kikavu.

Mama Wawili
Asanteni sana. Mume wangu amesoma, amekubali pazia. Anauliza, fimbo moja itatosha?

Fundi Pazia (Iringa)
Mbili, dada. Ya nyuma ni ya shiria, ya mbele ni ya pazia, kwenye vishikio vya fimbo mbili. Na skrubu ziingie kwenye linta, ile zege ya juu ya dirisha, zisiishie kwenye plasta, maana bibi akiyumba atashika pazia.